Bakteria Wasafishao Maji na Ugumu wa Kuwapitisha Mchangani

Bakteria wanaoweza kumeng'enya petroli, kuvunja viyeyushi vya viwandani na kugeuza sumu kadhaa kuwa vitu visivyodhuru wamejulikana kwa zaidi ya nusu karne, na katika maabara kazi yao huonekana rahisi: hutiwa ndani ya chupa yenye maji machafu na virutubisho kidogo, chupa hutikiswa, na baada ya siku chache sumu huwa imepungua au imekwisha kabisa. Chini ya ardhi hakuna wa kutikisa chupa. Sumu huwa imetapakaa katika maelfu ya tani za mchanga, changarawe na mfinyanzi, mita 10 au hata 30 kwenda chini, nao bakteria wanaopelekwa kuiondoa huingizwa kupitia kisima chembamba ambacho upana wake hauzidi sana kiganja cha mtu mzima. Kutoka hapo hutakiwa wasafiri wenyewe, au wachukuliwe na maji, hadi mahali sumu ilipo. Na ni safari hiyo, kuliko uwezo wao wa kula sumu, ambayo mara nyingi huamua kama usafishaji utafanikiwa.

Tatizo hilo halikuonekana mapema, kwa sababu kazi za mwanzo zilihusu petroli. Mwaka 1972, huko Ambler katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, petroli ilikuwa imevuja kutoka kwenye bomba na kuingia katika maji ya chini ya ardhi, na Richard Raymond pamoja na wenzake waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya mafuta hawakuleta bakteria wowote kutoka nje. Walipuliza hewa ndani ya visima na kuongeza naitrojeni na fosfori, wakijua kwamba bakteria wanaokula petroli wapo karibu katika kila udongo na kwamba kinachowapungukia ni oksijeni na virutubisho. Kusafirisha oksijeni na chumvichumvi ndani ya mchanga si kazi nyepesi, lakini vitu hivyo huyeyuka na kwenda maji yaendako. Hali ni tofauti kwa viyeyushi vyenye klorini, kama vile trikloroethilini iliyotumika kuondoa grisi kwenye vyuma na kabonitetrakloraidi iliyotumika, pamoja na mengine mengi, kufukizia nafaka ghalani ili kuua wadudu. Bakteria wenye uwezo wa kuzivunja kemikali hizi hadi mwisho ni wachache, hawapatikani kila mahali, na pale wasipokuwapo hawana budi kuletwa. Hapo ndipo swali la safari lilipoanza kuwashughulisha wataalamu.

Ili kulielewa swali hilo inafaa kuangalia kwa karibu mahali penyewe. Maji ya chini ya ardhi hukaa katika nafasi ndogondogo zilizopo kati ya punje za mchanga na changarawe, na tabaka la ardhi linaloweza kuyahifadhi na kuyapitisha huitwa tabaka chukuzi. Humo maji hutembea polepole mno: sentimita chache au makumi ya sentimita kwa siku ni mwendo wa kawaida katika mchanga. Bakteria mmoja ana urefu wa mikromita 1 au 2 hivi, mikromita 1 ikiwa ni sehemu moja ya elfu ya milimita, ilhali punje ya mchanga wa wastani ina kipenyo cha nusu milimita, yaani mikromita 500, na njia zilizopo kati ya punje kama hizo zina upana wa makumi ya mikromita. Katika mfinyanzi nafasi nyingi hazifiki hata mikromita 1, kwa hiyo bakteria hawaingii kabisa, lakini katika mchanga njia ni pana mara nyingi kuliko mwili wa msafiri. Anayeyatazama makadirio haya kwa mara ya kwanza angetarajia bakteria wapite mchangani bila shida. Hawapiti, walio wengi hunaswa ndani ya sentimita au mita chache za mwanzo, na sababu ya kunaswa si wembamba wa njia.

Maelezo yaliyokubalika kwa muda mrefu yalitokana na utafiti wa vichujio vya mchanga katika mitambo ya kusafisha maji ya mijini. Mwaka 1971 Yao, Habibian na O'Melia walichapisha nadharia inayoeleza kwamba chembe ndogo iliyo ndani ya maji hufika kwenye uso wa punje ya mchanga kwa njia tatu: inaweza kubebwa na maji yapitayo karibu sana na punje hadi ikaigusa, inaweza kuzama kwa uzito wake na kutua juu yake, au inaweza kusukumwa huku na huko na molekuli za maji zisizotulia mpaka igonge. Chembe ndogo sana hunaswa kwa njia ya tatu kwa sababu husukumwa kirahisi, na chembe kubwa hunaswa kwa njia mbili za kwanza. Katikati, kwenye ukubwa wa mikromita 1 hivi, njia zote tatu ni dhaifu, na hapo ndipo chembe hupenya mchanga kwa urahisi kuliko kwingine kote. Ukubwa huo ndio ukubwa wa bakteria wengi. Jambo hili lina uzito mkubwa, kwani maana yake ni kwamba chembe ingekuwa kubwa kidogo au ndogo kidogo kuliko bakteria, safari yake ingekuwa fupi zaidi.

Hata hivyo kuigusa punje ni jambo moja na kunata juu yake ni jambo jingine. Uso wa bakteria na uso wa punje ya mchanga safi, katika maji ya kawaida ya ardhini, vyote viwili huwa na chaji hasi ya umeme, na chaji zinazofanana husukumana. Ndiyo maana bakteria anaweza kuigusa punje mara nyingi na kuachwa aendelee na safari. Msukumano huo, ulioelezwa katika miaka ya 1940 na Derjaguin na Landau katika Umoja wa Kisovieti na Verwey na Overbeek nchini Uholanzi, hudhoofika maji yanapokuwa na chumvi nyingi, kwa kuwa chumvi huzifunika chaji na kuruhusu nguvu za mvuto za masafa mafupi zifanye kazi. Aidha, punje nyingi za mchanga katika ardhi halisi si safi: zimefunikwa na utando mwembamba wa oksidi za chuma, zile zinazoupa udongo rangi nyekundu au ya manjano, na oksidi hizo mara nyingi hubeba chaji chanya inayowavuta bakteria na kuwashika. Kwa hiyo bakteria wa aina moja, wakipandwa katika mchanga wa ukubwa uleule, wanaweza kufika mbali mahali pamoja na kukwama mara moja mahali pengine, kutegemea tu chumvi ya maji na kutu iliyomo mchangani.

Kanuni itokanayo na nadharia hii ni kali. Kama mita moja ya mchanga inanasa bakteria 9 kati ya kila 10, mita ya pili itanasa 9 kati ya kila 10 waliobaki, na kuendelea hivyo, mpaka katika mita ya tano anabaki bakteria mmoja kati ya kila 100,000 walioingia. Mhandisi aliyetegemea kisima kimoja kisafishe eneo lenye upana wa mita 50 anaweza kuona, kwa hesabu hiyo peke yake, kwamba bakteria wake wote wataishia kuuzunguka mdomo wa kisima.

Ardhi halisi, hata hivyo, haikuifuata kanuni hiyo barabara, na mahali palipoonyesha hivyo mapema ni Cape Cod katika jimbo la Massachusetts. Huko, tangu mwaka 1936 hadi Desemba 1995, maji taka yaliyosafishwa kutoka kambi ya kijeshi yalikuwa yakimwagwa kwenye vitanda vya mchanga, nayo yakaunda chini ya ardhi ukanda mrefu wa maji machafu ambao Idara ya Jiolojia ya Marekani iliugeuza kuwa maabara ya wazi. Ronald Harvey na wenzake walichukua bakteria kutoka katika maji yaleyale ya ardhini, wakawatia rangi inayoshikamana na vinasaba na kung'aa inapomulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, wakawarudisha ardhini pamoja na chumvi isiyonata popote na chembe za plastiki zenye ukubwa unaokaribiana na wao, kisha wakangoja kwenye safu za visima vya kupimia vilivyotobolewa katika vina mbalimbali. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 1989, bakteria wengi walipotea njiani kama ilivyotarajiwa, lakini baadhi ya waliofika walifika sambamba na chumvi au hata kuitangulia. Maelezo yake ni kwamba chumvi iliyoyeyuka huingia katika kila kona na kila tundu, hata pale maji yalipotulia, ilhali bakteria, kwa kuwa ni mkubwa asiyeweza kuingia katika vijitundu vidogo, hubaki katikati ya njia pana ambako maji yanakwenda kasi. Chembe za plastiki nazo hazikusafiri kama bakteria wa ukubwa wao, ishara kwamba ukubwa peke yake hautoshi kutabiri mwenendo wa kiumbe hai.

Matokeo ya namna hii yana umuhimu wa moja kwa moja kwa wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki, ingawa kwa upande wa pili wa shilingi, kwani huku bakteria wanaohofiwa ni wale wanaosafiri kutoka chooni kwenda kisimani. Mwongozo wa Sphere unaotumiwa na mashirika ya misaada wakati wa dharura hutaka choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji ya ardhini, na katika mchanga mzuri umbali huo huwapa watu ulinzi wa kweli, kwa sababu mchanga hufanya kazi ileile ya kunasa iliyoelezwa na Yao na wenzake. Lakini sehemu kubwa ya Mombasa na Unguja imekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye nyufa na mapango madogo, ambamo maji hupita kasi bila kukutana na punje za kuwanasa bakteria, na mita 30 za mwamba wa aina hiyo haziwezi kuaminiwa kama mita 30 za mchanga. Kisima na choo vilivyochimbwa kwa kufuata kipimo kilekile vinaweza kuwa salama mtaa mmoja na hatari mtaa wa pili. Ni jambo la kusikitisha kwamba elimu hii, ambayo haihitaji vifaa vya ghali kuielewa, bado haijafika kwa mafundi wengi wanaochimba visima na vyoo hivyo.

Swali la kwa nini baadhi ya bakteria huenda mbali kuliko kanuni inavyoruhusu lilichunguzwa kwa makini zaidi karibu na kijiji cha Oyster katika jimbo la Virginia, kwenye mchanga wa kale wa ufukweni, katika utafiti uliogharimiwa na Wizara ya Nishati ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990. Wizara hiyo ilikuwa na sababu ya kutaka kujua, maana ilirithi ardhi kubwa iliyochafuliwa na viwanda vya silaha za nyuklia. Watafiti walichagua bakteria wa jenasi ya Comamonas waliotokana na eneo lenyewe, wakawachuja kizazi baada ya kizazi ili wapate wale wenye tabia hafifu ya kunata, wakawalisha kaboni nzito isiyo na mionzi ili watambulike baadaye, kisha wakawaingiza ardhini. Ilidhihirika kwamba hata ndani ya kundi la bakteria wa ukoo mmoja, waliozaliwa kutoka seli moja, wapo wanaonata upesi na wapo wanaonata kwa shida. Wanaonata upesi huondolewa katika mita za mwanzo, na kadiri safari inavyoendelea ndivyo kundi linalobaki linavyozidi kuwa la wale wasioshikika. Mita ya tano, basi, hainasi 9 kati ya 10 kama mita ya kwanza. Kwa mhandisi wa usafishaji hii ni habari njema, na kwa mwenye kisima jirani na choo ni habari mbaya. Fizikia ni ileile.

Mpaka hapa bakteria ameelezwa kama chembe inayobebwa, lakini wengi wao huogelea. Huwa na nyuzi nyembamba ziitwazo flajela, zilizoshikizwa kwenye mota ndogo katika ngozi ya seli, na nyuzi hizo zinapozunguka humsukuma bakteria mbele. Mwaka 1972 Howard Berg na Douglas Brown, wakitumia hadubini iliyobuniwa kumfuata bakteria mmoja popote aendapo, walionyesha kwamba Escherichia coli, bakteria anayeishi katika utumbo wa binadamu, huogelea kwa mstari ulionyooka kwa sekunde moja hivi, husimama na kujipindua kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha huondoka tena kuelekea upande wowote. Kasi yake ni takribani mikromita 25 kwa sekunde, na kama angekwenda moja kwa moja angeweza kumaliza mita 2 kwa siku, umbali unaozidi mwendo wa maji ya ardhini katika mahali pengi. Kwa kuwa hugeukageuka, umbali halisi anaoupata kutoka alipoanzia kwa siku nzima ni wa kiasi cha sentimita moja tu, na punje za mchanga zinazomzuia huupunguza hata huo.

Kinachobadilisha hesabu ni uwezo wa bakteria kunusa. Anapohisi kwamba chakula au kitu anachokihitaji kwa kupumua kinaongezeka mbele yake, huchelewa kujipindua, kwa hiyo hatua zinazoelekea upande wa neema huwa ndefu kuliko hatua zinazoelekea kwingine, na taratibu kundi zima husogea upande huo. Tabia hii huitwa kemotaksia. Wapo bakteria wanaovutwa na uchafu wenyewe: baadhi ya bakteria wa Pseudomonas putida, kwa mfano, huogelea kuelekea naftalini, kemikali inayojulikana majumbani kwa vidonge vya kufukuzia nondo kwenye nguo. Faida yake haiko katika masafa marefu, kwa kuwa kuvuka mita kadhaa kwa kuogelea ni muhali. Iko katika sentimita za mwisho, pale maji yanapopita kando ya bonge la mfinyanzi laini au mchanga mzito lililofyonza sumu kwa miaka mingi na sasa linaitoa kidogokidogo; maji yenyewe hayaingii humo, na bakteria asiyeogelea hupitishwa kando, lakini anayeogelea na kunusa anaweza kugeuka na kuusogelea mpaka ambako sumu inatoka. Huko Leipzig, Ujerumani, Lukas Wick na wenzake walionyesha pia, mwaka 2005, kwamba pale udongo usipojaa maji na bakteria hana mahali pa kuogelea, nyuzi za kuvu zenye unyevu juu yake humfaa kama barabara: huteleza juu yake kutoka punje hadi punje, akivuka nafasi zenye hewa ambazo peke yake asingezivuka.

Upo mtego mwingine unaosahaulika na wanaopenda kuongeza dozi. Bakteria wakinaswa karibu na kisima na virutubisho vikaendelea kumiminwa hapohapo, huzaana, hutoa utelezi unaowashikamanisha wao kwa wao na punje, na kutengeneza utando hai unaoziba njia za maji. Baada ya muda kisima hukataa kupokea maji. Watafiti waliokuwa wakichunguza mawe ya mchanga katika miaka ya 1980 waliligundua suluhisho ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la ajabu: bakteria walionyimwa chakula kwa wiki kadhaa husinyaa hadi sehemu ndogo ya ukubwa wao, huacha kutoa utelezi, na katika hali hiyo ya njaa hupenya mbali zaidi, na wakishafika hulishwa na kurudia ukubwa na nguvu zao. Kuwashibisha kabla ya safari, jambo ambalo mtu angelifanya kwa nia njema, ndiko kunakowakwamisha.

Mambo haya yote yalikutana mahali pamoja huko Schoolcraft, kijiji cha wakulima katika jimbo la Michigan, ambako maji ya ardhini yalikuwa yamechafuliwa kwa kabonitetrakloraidi iliyotokana na ufukizaji wa nafaka, pamoja na naitreti ya mbolea kutoka mashambani. Kabonitetrakloraidi huharibu ini, na sheria za Marekani haziruhusu maji ya kunywa kuwa na zaidi ya mikrogramu 5 katika lita moja. Bakteria wengi wanaoishi bila oksijeni wakijaribu kuivunja hutoa klorofomu, sumu nyingine inayodumu, kwa hiyo kuwachochea bakteria wenyeji bila mpango kungebadilisha tatizo moja kuwa jingine. Lakini mwaka 1990 Craig Criddle na wenzake walikuwa wameeleza habari za bakteria aliyepatikana katika tabaka chukuzi la Seal Beach, California, aliyepewa jina la Pseudomonas stutzeri KC, ambaye huivunja kemikali hiyo hadi kuwa kabonidayoksaidi na kloraidi bila kuacha klorofomu. Siri yake ni kiwanja chenye salfa ambacho bakteria huyo hukitoa nje ya seli anapokosa chuma cha kutosha. Kwa kuongeza magadi kidogo kwenye maji ili yawe na ualkali, chuma hujitenga na maji, bakteria huhisi upungufu na kuanza kukitoa kiwanja hicho.

Maabara za Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan zilishughulikia safari yake kwa muda mrefu kabla ya kuchimba visima. Ilionekana kwamba bakteria wa KC huogelea na kwamba naitreti, ambayo huipumua pale oksijeni inapokosekana, huwavuta. Wakishaimaliza iliyo karibu nao hujikuta wakisogea kuelekea iliyo mbele, na hivyo uchafu wa pili wa Schoolcraft ukawa msaada dhidi ya ule wa kwanza. Pamoja na hayo yote, wabunifu wa mradi hawakuuamini uwezo huo kupita kiasi, na hapo ndipo busara yao inapoonekana. Badala ya kuwatuma bakteria wakautafute uchafu katika ukanda mzima, walichimba safu ya visima 15 iliyokatiza njia ya maji, kisima na kisima vikitengana kwa mita moja tu, ili bakteria asihitaji kusafiri zaidi ya nusu mita kuziba pengo. Bakteria waliwekwa mwaka 1998, wakaunda ndani ya mchanga kile kilichoitwa pazia hai, na maji yaliachwa yaje yenyewe kwa mwendo wake wa asili wa sentimita 15 kwa siku, yapite katikati ya pazia na kutoka upande wa pili yakiwa yamesafishwa.

Pazia hilo lilihitaji kulishwa. Kwa saa chache kila wiki, maji yalivutwa kutoka katika baadhi ya visima, yakachanganywa na asetati iliyo chakula cha bakteria, fosfori na magadi, kisha yakarudishwa ardhini kupitia visima vya jirani. Halafu mwelekeo ukageuzwa, vilivyokuwa vikitoa vikawa vinapokea. Kusukuma huku na huko kulifanya kazi ambayo kuogelea kusingeweza, yaani kueneza bakteria na chakula sawasawa katikati ya visima, na saa za kulisha zikiwa chache katika wiki nzima, utando haukupata nafasi ya kunenepa na kuziba. Kipimo cha asetati nacho kililazimika kupunguzwa njiani, kwa kuwa kikizidi huwaamsha bakteria wengine wanaotoa klorofomu na haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba kwa muda wa miaka 4 pazia liliondoa takribani asilimia 98 ya kabonitetrakloraidi iliyopita ndani yake, na naitreti karibu yote.

Njia nyingine ilijaribiwa katika kambi ya jeshi la anga ya Dover, jimbo la Delaware, dhidi ya trikloroethilini. Huko bakteria wenyeji walilishwa kwa miezi kadhaa, wakaivunja sumu hiyo nusu ya njia na kukomea hapo. Mwaka 1997 lilipoongezwa kundi la bakteria kutoka Pinellas, Florida, lililokuwa na jamii ya Dehalococcoides, uvunjaji uliendelea mpaka ikabaki ethilini, gesi isiyo na sumu ya namna hiyo. Dehalococcoides hana flajela na hawezi kuogelea hata kidogo, na kwa hiyo mradi ulitegemea pampu zilizoyazungusha maji kati ya visima vya kutolea na vya kuingizia, pamoja na muda wa kutosha kwa bakteria kuzaana hatua kwa hatua wakifuata mkondo. Ilichukua miezi mitatu hivi kabla ya dalili za kwanza kuonekana, na anayefahamu jinsi bakteria huyo anavyozaana polepole hawezi kuulaumu muda huo.

Tofauti ya miradi hii miwili iko katika jinsi kila mmoja ulivyoukubali ukweli wa mchanga. Dover waliyapa maji kazi ya kubeba, wakalipa gharama ya umeme wa pampu. Schoolcraft walimweka bakteria mahali pamoja, wakalipa kwa muda. Safu ya visima 15 iliziba sehemu tu ya upana wa ukanda uliochafuliwa, nayo ilisafisha maji yaliyoifikia na si mengine. Kwa mwendo wa sentimita 15 kwa siku, maji yaliyo kilomita moja nyuma ya pazia huhitaji miaka 18 kulifikia, na kwa miaka yote hiyo pazia lazima lilishwe kila wiki, visima vichunguzwe visizibe, ualkali upimwe, na awepo mtu anayelipwa kuifanya kazi hiyo.